Majani ya Ng'ombe Kando ya Ziwa

Mfugaji akaaye Kaloleni, Kisumu, na mwenzake akaaye Nandi hawawezi kupanda majani ya namna moja na kutazamia mavuno sawa. Kisumu i kiasi cha meta 1,130 juu ya bahari, na jua lake ni kali. Huko Nandi kuna nchi ipitayo meta 2,000, ambako nyasi za kikuyu humea zenyewe kwa sababu ya baridi.

Kando ya ziwa wengi hutegemea nepia, ambayo wengine huiita mabingobingo. Nayo hustahili sifa, maana palipo na mvua na samadi ya kutosha yaweza kukatwa kila baada ya majuma sita hadi manane, ifikapo kimo cha meta moja hivi. Mahali pakavu huchimbwa mashimo ya futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, yakatiwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha vipande kadha wa kadha hupandwa katika kila shimo. Njia hii yaitwa tumbukiza. Lakini katika udongo mweusi wa Kano, ambapo maji hutuama, haifai kabisa. Hapo yapasa kuinua matuta na kuchimba mitaro.

Hatari kubwa ya nepia ni ugonjwa wa kudumaa, ulioenea magharibi ya Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Hauna dawa. Huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, lakini mara nyingi huchukuliwa na mkono wa jirani mwema. Desturi ya kuombana vipande vya kupanda ni nzuri, ila shina lenye ugonjwa laweza kuonekana zima siku ya kupandwa. Likiisha kukatwa mara moja au mbili ndipo hutoa machipukizi mengi mafupi, yenye majani madogo ya manjano, na mwishowe hufa. Shina la namna hiyo ling'olewe lote na kuchomwa moto, wala asipewe mtu kipande chake.

Kwa sehemu zenye mvua chache iko brakiaria. Asili yake ni Afrika. Ilipelekwa ng'ambo, ikazalishwa upya huko Kolombia, ikarudi kwa jina la Mulato II, kama mtoto aliyerudi kutoka masomoni. Kituo cha ICIPE kilichoko Mbita kimewafundisha wakulima kuipanda kuzunguka shamba la mahindi, na desmodiamu katikati ya mistari. Desmodiamu hufukuza nondo wa funza wa mabua, na nyasi za ukingoni huwavuta. Tena mizizi ya desmodiamu hushinda kiduha, lile gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo. Mwenye nyumba hupata unga, na ng'ombe hupata majani.

Mbegu za brakiaria ni ndogo mno. Zifukiwe kiasi cha sentimeta moja au mbili tu, mvua za masika zianzapo, na magugu yapaliliwe mapema, kwa kuwa miche yake huanza polepole.