Simba na Siku za Giza

Watu wengi hudhani ya kuwa simba huwinda kwa nguvu zake tu. Sivyo. Nguvu anazo, lakini hawezi kukimbia kasi kwa muda mrefu. Punda milia akimwona mapema, aghalabu humponyoka. Kwa hiyo silaha yake kubwa ni giza.

Ndani ya jicho lake, upande wa nyuma, mna utando unaong'aa kama kioo, ambao huurudisha mwanga ili jicho liupate mara ya pili. Ndiyo sababu macho yake humetameta yakimulikwa kwa taa. Mwanga hafifu wa nyota humtosha. Hunyata tumbo likikaribia kugusa nchi, husimama kimya mnyama ainuapo kichwa, kisha humrukia akiwa karibu sana.

Mbalamwezi humharibia kazi hiyo, maana huonekana kwa mbali. Basi, usiku wa mwezi mpevu hupata chakula kidogo.

Wataalamu waliochunguza habari za watu walioshambuliwa na simba nchini Tanzania, tangu mwaka 1988 hata 2009, waligundua kuwa hatari huzidi katika siku kumi hivi zinazofuata mwezi mpevu. Wengi walishambuliwa kati ya jua kuchwa na saa 4 usiku. Sababu yake ni wazi: siku hizo mwezi huchelewa kutoka, mwanzo wa usiku huwa giza, watu wangali njiani na mashambani, naye simba ana njaa.

Yafaa tufanye nini? Mwezi ukianza kupungua, ng'ombe waingizwe zizini mapema, na miiba ya boma itengenezwe. Mtoto asitumwe maji jioni. Anayelazimika kutoka achukue taa, wala asiende peke yake.

Taa nayo yataka akili. Richard Turere, kijana wa Kimasai, alipokuwa mtoto akilinda ng'ombe wa baba yake karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alitambua kuwa simba huogopa mwanga unaotembea, kwa kuwa hudhani ni mtu. Akalizungushia zizi taa zinazowaka na kuzimika kwa zamu, na simba wakakoma kulijia.

Mwezi mpevu wenyewe hauleti hatari. Hupiga mbiu tu kwamba giza li karibu. Mwenye mifugo na aisikie.