PAPA ALIYEKIRI MAKOSA YA NYUMBA YAKE

Tukisoma habari za Matengenezo ya Kanisa twakutana na Papa Leo wa Kumi, aliyetumia mali hata akaacha madeni, na Papa Clement wa Saba, aliyekataa kuivunja ndoa ya Mfalme Henry wa Uingereza. Kati yao alikuwako mwingine, nasi humpita upesi mno. Ndiye Adrian wa Sita.

Alizaliwa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1459, mwana wa seremala. Baba yake alifariki yeye angali mtoto, lakini alisoma mpaka akawa mwalimu wa theolojia katika Chuo Kikuu cha Louvain. Huko alitwaliwa amfundishe kijana Charles, ambaye baadaye alikuwa Kaisari. Akapelekwa Hispania, akawa askofu, kisha kadinali, hata akaachiwa nchi aitawale. Leo alipokufa, makadinali wa Roma hawakuweza kupatana juu ya mmoja wao. Basi tarehe 9 Januari 1522 wakamchagua mtu asiyekuwako hata kidogo. Naye alikuwa Hispania, hana habari.

Alifika Roma mwezi wa Agosti. Watu walikuwa wamezoea karamu na washairi. Huyu alikuwa mzee wa miaka 63, mwenye kula chakula chepesi na kuamka mapema kusali. Alipunguza watumishi wa nyumba, akasita kugawa vyeo. Mara tauni ikaingia mjini. Mwezi wa Desemba kisiwa cha Rhodes kikatekwa na Waturuki.

Hapa na tukae kidogo. Januari 1523 wakuu wa Ujerumani walikuwa wamekutana Nuremberg, na mjumbe wa Papa, Francesco Chieregati, akawasomea maagizo ya bwana wake. Sehemu moja iliwataka wamzuie Martin Luther kwa nguvu. Katika hilo Adrian hakulegea, wala tusimfanye kuwa mtu wa Matengenezo. Lakini sehemu ya pili ilikiri kwamba taabu hiyo Mungu ameiruhusu kwa ajili ya dhambi za watu, hasa za makasisi na maaskofu. Kwamba machukizo yametendeka katika kiti chenyewe cha Roma kwa miaka mingi, na ugonjwa umeshuka kutoka kichwani hata viungoni. Akaahidi kuanza kutengeneza nyumbani kwake kwanza.

Je, alishukuriwa? Wakuu wa Ujerumani walijibu kwa orodha ya malalamiko 100. Luther alimdhihaki. Huko Roma wakubwa waliona amewaaibisha mbele ya adui, na wale ambao angewatumia kutengeneza mambo ndio walioishi kwa mambo hayo hayo.

Alifariki tarehe 14 Septemba 1523, hata miaka miwili haijatimia tangu kuchaguliwa. Yasimuliwa kwamba watu wa Roma waliupamba kwa maua mlango wa daktari wake, kumshukuru kwa kushindwa kumponya. Baada yake walichaguliwa Waitalia watupu kwa miaka 455, mpaka John Paul wa Pili, Mpolandi, mwaka 1978.