Kuflashi BIOS bila flopi

Mwenye stesheneri pale Buhongwa, Mwanza, ananunua desktopu ya mtumba iliyotoka ofisini, kisha anaitafutia prosesa yenye nguvu zaidi. Anaifunga, feni inazunguka, skrini giza. Kabla hajamlaumu aliyemuuzia prosesa, ajue kwamba huenda BIOS ya zamani, yaani programu ya mazabodi inayoiwasha mashine, haiitambui, na dawa yake ni kuirudisha prosesa ya awali na kuflashi, yaani kuandika, toleo jipya. Tatizo ni kwamba maelekezo ya mashine za zamani mara nyingi yanadai flopi, na Sony yenyewe iliacha kuziuza Japani Machi 2011.

Flopi usiitafute. Kazi yake ilikuwa kuiwasha kompyuta kwa DOS, Windows ikiwa imelala. Flashi yoyote ya USB iliyo nzima inaweza kazi hiyo.

Kwanza pata jina kamili la mashine na toleo la BIOS lililopo: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Desktopu iliyoungwa na fundi, fungua kava usome jina la mazabodi pamoja na namba ya marudio, kama rev 1.0 au 2.0. Faili la rev 2.0 si la rev 1.0, hata majina yakifanana. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, si kwa kutumiwa na rafiki WhatsApp.

Ukishalipata, huenda hata flashi huihitaji. Mafaili mengi ya Dell na HP yanafunguka ndani ya Windows. Mazabodi nyingi za Gigabyte zina Q-Flash na za ASUS zina EZ Flash ndani ya BIOS. Hizo zinataka faili tu kwenye flashi ya FAT32.

Zikishindikana zote, chukua flashi ndogo, hata ya GB 2, uhamishe vilivyomo kwa sababu vitafutika. Fungua programu ya bure inayoitwa Rufus, chagua FreeDOS, mfumo wa faili FAT32, anza. Kisha nakili humo faili la BIOS na programu yake ya kuflashi. Majina yasizidi herufi nane kabla ya nukta. DOS huyakata marefu, ukashangaa faili halionekani. Washa kompyuta ukibonyeza F12 kwa Dell, au F9 kwa HP nyingi, uchague flashi. Andika dir uone mafaili yako, kisha andika amri kama ilivyo kwenye maelezo ya mtengenezaji. Programu ikiuliza kama uhifadhi BIOS ya zamani, kubali.

Umeme ndio wa kuogopwa. Ukikatika katikati ya kuandika, mashine inaweza isiwake tena. Wingu likishatanda juu ya ziwa, ahirisha. Angalia na uniti za LUKU. Ni aibu kuua kompyuta kwa uniti mbili. UPS ijaribu kwanza: chomoa plagi yake ukutani kompyuta ikiwa imewaka, uone inahimili dakika ngapi. Zipo UPS zinazolia tu na kuzima papo hapo, betri ilishakufa siku nyingi. Na usichomeke humo printa ya leza wala mashine ya fotokopi, kwani zinapopasha moto zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Laptopu iwe na betri yenye chaji na chaja ichomekwe. Nyingi hukataa kuanza bila hivyo.

Kabla ya kuanza kuflashi, piga picha kurasa za BIOS kwa simu. Baada ya kuflashi, mipangilio huweza kurudi ya kiwandani. SATA ikihama kutoka IDE kwenda AHCI, Windows inagoma kwa skrini ya bluu, na wengi hudhani diski imeharibika.

Wapo wanaoflashi wakitumaini kupata Windows 11, maana huduma ya Windows 10 ilikoma 14 Oktoba 2025. BIOS mpya haiipi mashine ya zamani chipu ya TPM 2.0 isiyokuwa nayo, ambayo Windows 11 inaidai. Kama mashine inafanya kazi na maelezo ya toleo jipya hayataji shida yako, iache.

Na mashine ikifa katikati ya kuflashi, usikimbilie kununua mazabodi. Tafuta fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, kama CH341A, umpe faili sahihi la BIOS.