Dondoo Muhimu: Kupanga Mwaka Mpya wa Masomo ya Nyumbani

Majimbo yote 50 ya Marekani yanaruhusu masomo ya nyumbani, na familia nyingi za Kikristo hutumia likizo ya kiangazi kuupanga mwaka unaofuata.

Sheria kwanza. Pennsylvania hudai siku 180 za masomo, au saa 900 kwa watoto wa shule ya msingi, pamoja na hati ya kiapo kila mwaka ifikapo Agosti 1. Texas haidai taarifa yoyote.

Kalenda yenye pumziko. Baadhi ya familia husoma wiki sita na kupumzika ya saba, kwa mfano wa Sabato. Mizunguko sita hutoa wiki 36, yaani siku 180 kamili.

Meza moja. Biblia, nyimbo na historia huwafaa watoto wote kwa pamoja. Wakisomewa safari za Paulo, wa miaka 7 huchora merikebu, naye wa miaka 11 hufuata ramani kutoka Antiokia hadi Rumi. Hesabu na kusoma hubaki kwa kiwango cha kila mtoto.

Vipindi vifupi. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason (1842–1923) alishauri vipindi vya watoto wadogo visizidi dakika 20, kisha mtoto asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe.

Kumbukumbu. Nusu saa kila Ijumaa yatosha kuandika vitabu vilivyosomwa, kuhesabu siku, na kuhifadhi kazi mbili au tatu za kila mtoto kwenye jalada lake.