Somo la Haki: Kuzuru Kiwanda cha Bia cha Kihistoria kwa Kiti cha Magurudumu

Mtumiaji wa kiti cha magurudumu akitaka kuingia katika jengo la kale, mara nyingi huambiwa: "Jengo hili ni la zamani, halibadilishiki." Katika somo hili tunalipima jibu hilo kwa mfano wa kiwanda kimoja cha bia.

Mfano kutoka Dublin

Mwaka wa 1759, Arthur Guinness alikodi kiwanda cha bia cha St. James's Gate, jijini Dublin, Ireland, kwa mkataba wa miaka 9,000, akilipa pauni 45 kwa mwaka. Jengo la kuchachushia bia lililokamilika hapo mwaka wa 1904 lilitumika hadi 1988. Mwaka wa 2000 lilifunguliwa kwa wageni kwa jina la Guinness Storehouse.

Jengo hilo lina orofa saba, na ziara huishia juu, kwenye baa ya vioo inayotazama jiji. Lilipokarabatiwa liliwekwa lifti, hivyo mgeni mwenye kiti cha magurudumu hufika hadi juu kama wengine. Fremu yake ya chuma ya zamani ingali ipo. Ugumu hubaki nje, kwa kuwa baadhi ya barabara za karibu zimetandikwa mawe yanayotikisa kiti.

Hesabu ya rampu

Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za rampu. Ngazi moja ya sentimita 15 huhitaji rampu ya mita 1.8. Ngazi tatu za kimo hicho huhitaji mita 5.4. Ubao wa mita moja ukiegemezwa kwenye ngazi tatu, mteremko huwa mkali mno na kiti kinaweza kupinduka.

Uliza kabla ya kufunga safari

1. Njia kutoka kituo cha gari hadi mlangoni ni ya lami, changarawe au mawe?
2. Mlangoni kuna ngazi ngapi? Usikubali jibu la "chache tu", omba idadi.
3. Mlango una upana gani? Pima kiti chako kwanza. Nafasi ya sentimita 80 hutosha viti vingi.
4. Lifti inafika orofa zote, na inafanya kazi siku hiyo?
5. Chooni kuna nafasi ya kugeuza kiti? Duara la mita 1.5 linatosha.
6. Moto ukizuka na lifti isitumike, nani atamsaidia mgeni kushuka?

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufikia ipasavyo maeneo yote, usafiri wa umma na habari. Kumbeba mgeni mzimamzima mbele ya umati hakutimizi haki hiyo, hata kama wabebaji wana nia njema.

Wito kwa wasimamizi

Ikiwa unasimamia makumbusho, hoteli, ofisi au nyumba ya ibada, chukua futi ya kupimia leo. Hesabu ngazi, pima milango, kisha ubandike majibu langoni. Mkazi akijua ukweli mapema, hatalipa nauli bure na kurudishwa mlangoni.