Bingwa wa Kazi, Mgeni wa Simu: Kuanza Kujifunza Tena Ukiwa Katikati ya Kazi

Je, ni lini mara ya mwisho ulikaa mbele ya kitu usichokijua, ukasema waziwazi, "Hii sijui, nionyeshe"?

Tunauliza kwa sababu ya simu moja tuliyopokea. Mteja wetu, fundi wa nguo mwenye duka mjini Nakuru, alitupigia akiwa amekasirika. Ana miaka 43 na ameshona sare za shule tangu akiwa msichana. Alitaka kujua kwa nini tunamkata pesa. Daftari lake lilisema hivi, salio lilisema vile, na kila wiki pengo lilikuwa la mia tatu, mia nne. Tukamwomba avute taarifa ya akaunti yake, ile orodha ya pesa zilizoingia na kutoka. Kimya kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo huwa ananifanyia kijana wa duka."

Labda umeshajua hadithi inakoelekea. Kijana ndiye aliyekuwa akimsomea jumbe, akimlipia bidhaa, akimtolea pesa kwa wakala. PIN alikuwa nayo. Tulipompitisha yule mama kwenye taarifa hiyo mstari kwa mstari, alipata zile mia tatu mwenyewe, zikitolewa kila Ijumaa jioni.

Kilichotugusa zaidi ni maneno aliyotuambia baadaye: "Mimi ndiye nafundisha wasichana hapa kukata kola. Nitaanzaje kuuliza mambo ya simu mbele yao?"

Hapo ndipo shida ilipo. Si kwamba hakuweza kujifunza. Alikuwa bingwa kwa muda mrefu hadi akasahau vile mtu huanza. Ukiwa na miaka 20 hakuna anayeshangaa ukikosea. Ukiwa na 43, una wafanyakazi, una watoto sekondari, watu wanakuita mwalimu au bosi, kukosea kunaonekana kama aibu. Basi unampa mtu simu akufanyie, na siku zinaenda.

Lakini ushawahi kuanza

Turudi nyuma kidogo. Huduma ya pesa kwa simu ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, hakukuwa na mtaalamu mtaani. Kabla ya hapo pesa za nyumbani zilitumwa kwa posta, au zikawekwa kwenye bahasha na kukabidhiwa dereva wa basi huku ukiomba Mungu. Mara tukaambiwa pesa itapita kwenye laini ya simu. Nani alisomea hilo? Hakuna. Mtu alisimama kwa wakala na kitambulisho mkononi, akaandikwa kwenye lile daftari kubwa, akaweka sahihi, akapokea ujumbe, akausoma mara tatu kuhakikisha pesa imefika kweli. Kama leo una miaka 43, basi mwaka huo ulikuwa kijana, na ulijifunza kitu kigumu bila darasa, bila cheti, na bila aibu kwa sababu kila mtu alikuwa mgeni.

Tofauti ya leo ni kwamba unadhani wengine wote wanajua. Hawajui. Tunaona maswali yanayoingia kwetu, na tunaweza kukuhakikishia.

Wakenya wakizungumzia kusoma ukubwani hutaja Kimani Maruge, na ni haki yake. Aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufanya elimu ya msingi kuwa ya bure. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Hilo la pili tunalipenda sana! Ila tuseme ukweli: Mzee Maruge hakuwa na bosi wa kumwangalia vibaya wala mkopo wa pikipiki wa kulipa. Mtu wa katikati ya kazi ana mzigo mwingine. Anatakiwa kujifunza huku bado anatakiwa kuonekana anajua.

Vidole viwe vyako

Ushauri wetu wa kwanza ni mdogo sana: unapoonyeshwa jambo kwenye simu, simu isitoke mkononi mwako. Anayekufundisha aseme, wewe ubonyeze. Akinyoosha mkono kuichukua "nikufanyie haraka," mwambie asubiri. Itachukua dakika kumi badala ya moja, na kesho utafanya peke yako. Mtu akikufanyia mara mia moja, bado hujajifunza hata mara moja.

Na hapa tuwe waangalifu, kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuwinda wanaojifunza. Kuuliza swali si kutoa PIN. Mwalimu mzuri hugeuza uso unapoiweka. Anayesema anaihitaji ili akusaidie, awe mpwa wako au mtu anayejiita mfanyakazi wetu, somo liishe hapo hapo. Sisi hatuulizi PIN ya mteja, hata kwa mzaha.

Jizoeze na pesa ambayo ukiikosa hutalala njaa. Tuma shilingi 10 kwa mtu wa nyumbani, kisha fungua taarifa yako uone imeandikwaje. Kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea, lisome kweli, usilirukie. Ukikosea nambari, tupigie papo hapo bila kungoja kesho kwa sababu unaona haya.

Tukubali kosa letu pia. Mama wa Nakuru alituuliza kwa nini maelezo yetu yameandikwa kama barua ya mahakama. Tulikwenda kuyasoma tena. Alikuwa na haki, na tumeanza kuyaandika upya.

Wengi wetu tunaoandika hapa ni wadogo kwako, tulitoka chuo juzi. Tulipoajiriwa tulipelekwa kusimama na wakala dukani kwake wiki mbili. Tulikuwa na digrii. Yeye alikuwa na meza ya mbao na miaka mingi ya kuangalia watu. Siku ya pili alimkataza kwa upole mzee mmoja asitume pesa, akamketisha, akamuuliza kama anayetumiwa anamjua. Hakumjua. Tulimuuliza aligunduaje. "Mtu anayetuma pesa yake haongei na simu sikioni akiambiwa abonyeze nini," alisema. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote tulichosoma. Kwa hiyo tukisema uwe tayari kufundishwa na mtu usiyemtarajia, tulianza sisi.

Kama unataka cheti

Wengine hawaishii kwenye simu. Wanataka kurudi darasani au kupata karatasi inayothibitisha wanachokijua. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambao una gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, katika kazi kama ushonaji, umeme, ujenzi na ukarabati wa magari. Kama umeajiriwa, muulize mwajiri wako kuhusu mafunzo: waajiri hulipa NITA shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na wanaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wafanyakazi wengi hawajui hilo, kwa hiyo hawaulizi. Anayetaka digrii bila kuacha kazi anaweza kuangalia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2023, ambacho hufundisha kwa mtandao.

Kuhusu karo, tuna neno. Usiilipe kwa mkopo wa simu wa siku 30. Mkopo huo unadai mwezi ujao, ilhali faida ya kozi itakuja baada ya miezi mingi, pengine mwaka. Utakuwa unakopa kulipa ulichokopa, na kozi utaiacha katikati. Tunajua sisi ni kampuni ya pesa na labda hukutarajia kusikia hivyo kwetu. Kama kozi ni shilingi 18,000, weka 750 kila wiki kwa wiki 24 mahali ambapo huwezi kuzitoa ovyo, na zimetimia. Kisha ongeza bando, nauli na ada ya mtihani, maana hizo ndizo huangusha watu.

Kabla ya kulipa, hakikisha chuo cha ufundi kimesajiliwa na TVETA. Ukitumiwa barua ya kukubaliwa inayokutaka utume "ada ya kushikilia nafasi" kwa nambari ya mtu binafsi leo kabla ya saa kumi, usitume. Chuo cha kweli hupokea karo kwa jina la chuo, na kitakuwepo hata kesho asubuhi ukienda kuuliza.

Mama wa Nakuru alibadilisha PIN siku ile ile. Kijana hayupo tena dukani. Hilo walilimaliza wao kwa wao. Sasa anavuta taarifa yake kila Jumamosi kabla ya kufunga duka, na anasema anachelewa kwa sababu bado anatafuta miwani. Amejiandikisha kwa mtihani wa gredi ya tatu. Tulimuuliza kwa nini asianze ya juu zaidi, kwa ujuzi alio nao. Akacheka, akasema anataka kwanza aone wanavyouliza maswali.