Kilabu cha Kufikiri kwa Makini: Vifaa Viko Karibu

Vijana wa Tena wanaotaka kuanzisha kilabu cha kujizoeza kufikiri kwa makini hukutana mapema na swali moja: vifaa vitatoka wapi? Vingi viko karibu, na vingine havihitaji pesa. Kifaa kizuri ni kile kinachomfanya mwanachama alipime wazo lake badala ya kukariri la mwingine.

Pa kutafuta

Maktaba: Jirani na Tena kuna tawi la Buruburu la Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Ukielekea mjini, kaunti ina maktaba za Makadara na Kaloleni, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931. Mwulize mkutubi vitabu vya mantiki, mafumbo ya hesabu na mijadala.

Vitabu vya shule: Uwazaji kina na utatuzi wa matatizo ni mmoja kati ya umilisi 7 wa kimsingi katika mtaala wa CBC. Vitabu vya watoto walio nyumbani vina mazoezi yanayowafaa hata watu wazima.

Michezo: Bao, drafti na sataranji hufunza kuwaza hatua kadhaa mbele. Fumbo la kuvusha chui, mbuzi na majani mtoni halihitaji chochote ila wasikilizaji.

Nyaraka za umma: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Bajeti ya kaunti ni somo tosha: wadi yetu imetengewa nini, na kwa sababu gani?

Somo la kwanza: 2, 4, 6

Zoezi hili lilibuniwa na mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza, aliyelichapisha mwaka wa 1960. Linahitaji ubao na chaki tu.

1. Kiongozi aandike 2, 4, 6 na kusema kwamba nambari hizo zinafuata kanuni aliyoificha.
2. Wanachama wapendekeze nambari nyingine tatu tatu. Kiongozi ajibu tu "zinafuata" au "hazifuati".
3. Anayeamini ameijua kanuni aitaje.

Wengi hujaribu 8, 10, 12, kisha 20, 22, 24. Wakisikia "zinafuata", hutangaza: "Ni kuongeza mbili!" Wamekosea. Kanuni ni kwamba kila nambari iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Hata 1, 7, 50 zinafuata. Hugundua hilo yule anayethubutu kujaribu nambari zinazoweza kuvunja wazo lake, kama 1, 2, 3 au 6, 4, 2.

Kutoka ubaoni hadi kwenye simu

Sasa kilabu kichukue ujumbe wa kazi unaozunguka mtaani, ule unaodai "ada ya usajili" itumwe kwa simu. Anayetafuta kazi huona jina la ofisi na nembo, akaamini. Hizo ni 8, 10, 12 zake. Wanachama waulize: kama ujumbe huu ni wa uongo, tungeona nini? Huenda nafasi hiyo haimo katika tovuti rasmi ya ofisi inayotajwa. Huenda nambari ya kupokea pesa ni ya mtu binafsi. Wakague hayo kabla ya yeyote kutuma hata shilingi.

Kila mkutano umalizike kwa kuandika daftarini jambo moja ambalo wanachama waliliamini, namna walivyolipima, na walichokipata.